Sanchez wa Touch of Evil

Je, katika filamu ya Touch of Evil, Sanchez, kijana anayeshukiwa kulipua gari mwanzoni, ana hatia kweli? Ndiyo, Sanchez ndiye aliyetega bomu. Mwishoni kabisa mwa filamu, Quinlan, polisi aliyepeleleza kesi hiyo, akiwa ameshakufa, Schwartz, ofisa wa mwendesha mashtaka, anasema wazi kwamba kijana huyo amekiri. Ni sentensi moja tu, ndiyo maana wengi inawapita.

Lakini ushahidi wenyewe ulikuwa wa kubambikiwa. Vargas, ofisa wa Meksiko aliyekuwa akifuatilia upelelezi, aliliangusha boksi la viatu bafuni kwa Sanchez na kuona kwamba ni tupu, kisha muda mfupi baadaye askari wakadai wamekuta baruti humo humo. Kwangu hapo ndipo filamu ilipo na nguvu: mtuhumiwa ana hatia kweli, na Quinlan, polisi aliyembambikia ushahidi, bado ni mhalifu. Toleo la 1998, lililohaririwa upya kwa kufuata waraka wa mwongozaji wake, Orson Welles, halijabadilisha jambo hilo.