Usitie laini kwenye hiyo modemu kabla hujasoma hapa

Simama hapo hapo mkuu. Umeandika kuwa wewe ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Tandahimba, umepata jamaa wa Mtwara mjini anayekuuzia modemu ya USB ya 4G "laini zote", unataka kuichomeka kwenye laptop ya ofisi yenye Windows 10, bando la GB 20 la mwezi umeshaweka mezani, na muuzaji kakuambia "ukichomeka tu inafanya kazi, haina cha settings". Unauliza kasi, unauliza laini ipi, unauliza kama hotspot ya simu ni nafuu zaidi. Hayo baadaye. Kilichonichoma mimi ni hilo la "ukichomeka tu". Na mimi niliuziwa kwa maneno hayo hayo, na bando likayeyuka hata barua pepe moja haijatoka.

Tena jamaa hajadanganya. Kweli ukichomeka inafanya kazi. Ila inawafanyia kazi wote waliomo ndani ya hiyo laptop, na wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Modemu hizi ziko za namna mbili. Za zamani ukichomeka zinafungua programu yake, unabonyeza "Connect", inapiga *99#, ndipo intaneti inaingia. Angalau saa ya kuunganisha unaiamua wewe. Za siku hizi, hasa Huawei za HiLink kama E3372h, ni ruta kamili iliyojificha kwenye kidude cha ukubwa wa kidole. Ikipata umeme tu inaunganisha yenyewe, na kwa laptop inajitambulisha kuwa ni kadi ya mtandao wa waya. Fungua Device Manager utaikuta imeandikwa "Remote NDIS based Internet Sharing Device". Kwenye Settings utaikuta chini ya Ethernet.

Hapo kwenye Ethernet ndipo pesa inapolia. Laptop yenye tundu lake la laini ndani, Windows inajua kabisa hii ni intaneti ya kupimiwa, kwa hiyo inajizuia yenyewe. Ya waya inaichukulia kuwa ya bure: inadhani uko kwenye ghorofa fulani lenye faiba isiyo na kikomo. Basi inaanza kujihudumia. Masasisho ya Windows, ya Office, ya kingavirusi, programu za Store, OneDrive kupandisha kila picha iliyoko Desktop. Laptop ya ofisi iliyokaa msimu mzima bila intaneti ina madeni ya hivyo vitu, na inayalipa yote siku hiyo hiyo, kwa bando lako.

Piga hesabu. Kasi ya Mbps 10, ambayo 4G ya kawaida tu inaifikia, ni MB 1.25 kwa sekunde, sawa na GB 4.5 kwa saa. GB 20 zako hazivuki muda wa saa nne na nusu. Unachomeka asubuhi, unaenda ghalani kuangalia mizani, ukirudi kula mchana hakuna kitu. Na kazi yenyewe iliyokufanya utafute modemu? Orodha ya wakulima 800 kwenye Excel, majina, kilo na namba za akaunti, haifiki hata MB moja. Kwa kutuma orodha tu, hizo GB 20 zingekuvusha misimu mpaka mikorosho yenyewe izeeke.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini aseme Windows 10 imeshaachwa tangu Oktoba 14, 2025, kwa hiyo haina cha kupakua. Asikudanganye. Kilichokoma ni masasisho ya kawaida ya mfumo wenyewe. Kingavirusi cha ndani, Edge, Chrome, Office, Store na OneDrive bado wako hai na wana njaa ile ile. Halafu kama laptop inakubali Windows 11, nayo inaweza kuanza kukusukuma upande toleo, na huo ni mzigo wa GB kadhaa.

Sasa sehemu inayouma zaidi. Mtandao wako unakutumia ujumbe bando likikaribia kuisha, sivyo? Ndiyo, lakini unautuma kwenye laini, na laini iko ndani ya modemu. Simu yako haitalia. Ujumbe unakaa kimya kwenye ukurasa wa modemu, 192.168.8.1, sehemu ya SMS, ambako muuzaji wako hajakuambia kama kupo. Na kama kwenye laini umeacha salio la kawaida na uliruhusu matumizi nje ya bando, basi bando likiisha inaendelea kula salio kwa bei ambayo hutaki kuijua.

Kwa hiyo kanuni ni moja, iandike ukutani: LAINI IWE YA MWISHO KUINGIA. Modemu inawaka na Windows inaitambua hata ikiwa tupu. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kuifunga laptop mdomo kabla haijaona hata KB moja.

Chomeka modemu bila laini, subiri dakika moja mpaka taa itulie. Nenda Settings, Network & Internet, Ethernet. Laptop yenye tundu lake la waya itakuonyesha mbili: "Ethernet" ambayo haijaunganishwa, na "Ethernet 2" au namba nyingine ambayo iko hewani. Hiyo ya pili ndiyo modemu. Ibonyeze, shuka chini, washa swichi ya "Set as metered connection", yaani intaneti ya kupimiwa. Kwenye Windows 11 imeandikwa "Metered connection" tu. Watu wengi wanawasha ya Ethernet ya kwanza, wanashangilia, bando linaenda vile vile.

Halafu kuna mtego ambao hata mafundi wengi hawaujui. Ile swichi inashikamana na ile "Ethernet 2", haishikamani na modemu. Kesho ukichomeka kwenye tundu jingine la USB, Windows inaweza kudhani ni kifaa kipya, inakupa "Ethernet 3", na swichi yake iko OFF. Umerudi mwanzo bila kujua. Chagua tundu moja, libandike kipande cha plasta, na atakayeazima laptop umwambie ni hilo tu. Kila modemu inapohama tundu, kagua swichi kwanza.

Ukishamaliza hapo, bado laini iko mezani, ingia Windows Update, Advanced options, hakikisha "Download updates over metered connections" imezimwa. Karibu na hapo tafuta Delivery Optimization, zima "Allow downloads from other PCs". Hiyo ikiwa wazi, laptop yako inaweza pia kugawa vipande vya masasisho kwa kompyuta nyingine. Yaani unawanunulia watu bando na huwajui hata kwa sura.

Sehemu ya Data usage unaweza kuweka kikomo cha mwezi, weka GB 18 kwa bando la 20. Lakini ujue haikati intaneti, inakuonya tu. Usiitegemee kama mlinzi.

Sasa fungua kivinjari, andika 192.168.8.1. Kwenye mipangilio ya muunganisho tafuta "Connection mode", itoe kwenye Auto uiweke Manual. Kuanzia hapo modemu haiunganishi mpaka uingie kwenye ukurasa wake na kuiruhusu. Ni usumbufu wa sekunde kumi, na ndio usumbufu wa bei rahisi kuliko yote kwenye uzi huu. Hapo hapo hakikisha "Data roaming" imezimwa. Wewe Tandahimba huenda usihangaike nayo, lakini wadau wa kando ya Ruvuma, Kitaya na Kilambo huko, mnajua wenyewe simu inavyoweza kuwakaribisha Msumbiji mkiwa mmekaa barazani kwenu.

Ndipo laini. Chomoa modemu kwanza, usitie laini ikiwa inawaka. Nyingi za E3372h zinachukua laini ya ukubwa wa zamani, ile kubwa. Ukisukuma laini ndogo ya nano ndani ya adapta iliyolegea, adapta inanasa kwenye pini, ukivuta unang'oa pini, na hapo hakuna tena modemu, kuna kishikio cha funguo. Bandika nano na adapta kwa selotepu nyembamba upande usio na shaba. Na laini isiwe na salio la ziada: weka vocha ya kutosha bando tu, nunua bando, basi.

Msijidanganye kwamba metered inazuia kila kitu. Inasikilizwa na Windows yenyewe, Store na OneDrive. Chrome haina habari nayo, YouTube itapanda kwenye picha kali kama kawaida. Google Drive ya kompyuta usimamishe mwenyewe. WhatsApp ya kompyuta ingia mipangilio yake uondoe alama za kupakua picha, video na sauti zenyewe. Magrupu ya korosho yakishapamba moto Oktoba, zile video za mnada na za watu wakibishana bei zitakumalizia bando kabla mnada wenyewe haujaisha.

Ukihisi linaliwa, usibaki kulaumu mtandao. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, fungua sehemu ya Network. Mwizi utamwona kwa jina, na baiti anazovuta kila sekunde. Ukikuta svchost yuko juu anakimbia, kwa kawaida huyo ni Windows anajisasisha, na huenda swichi yako iko kwenye Ethernet isiyo yake.

Nikirudi kwa huyo muuzaji. Mtu anayekuuzia kitu kwa "chomeka tu", hakupi hata anwani ya ukurasa wake, huyo ni kangomba wa modemu, kama wale walanguzi wa korosho: anakuwahi kabla hujajua thamani ya unachotoa. Na hili la "laini zote 4G" nalo limpimie kabla pesa haijatoka mfukoni. Kufunguliwa laini zote ni jambo moja, kushika masafa ya mtandao wako ni jingine kabisa. Geuza modemu, soma namba kamili nyuma. E3372h-153 haina bendi 28, yaani masafa ya MHz 700, ambayo ndiyo yanayofika mbali vijijini. E3372h-607 inayo, lakini haina bendi 20 ya MHz 800. Zote mbili zimeandikwa 4G, zote zinafanana kama mapacha, na mojawapo inaweza kukuangushia 3G huko kwenu wakati simu yako mfukoni inaonyesha 4G. Ukiwa na Samsung, ukiwa ofisini kwako kabisa si Mtwara mjini, piga *#0011#, soma iliposhika LTE (ndiyo 4G) ni "Band" ngapi. Ukiwa na namba hiyo ndipo unaenda kwa muuzaji. Mwambie aichomeke kwa laini ya kwake, bando la kwake, kwenye laptop yake. Akianza kusita, umeshapata jibu.

Kama ofisi ina bati na kuta za tofali nene, tumia waya wa kuongeza USB upeleke modemu dirishani. Usizidi mita tatu na usinunue ule mwembamba kama uzi: tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, modemu ikiwa inatafuta mnara wa mbali inazihitaji karibu zote, waya mbovu ukizipunguza inajizima na kujiwasha, na utadhani mtandao unakatika. Na ule waya uwe unakaa kwenye tundu lenye plasta, msinisahaulie hilo.

Hotspot ya simu kwa laptop ni Wi-Fi tu, nayo Windows inaweza kuiona ya bure vile vile. Swichi ya metered iko kwenye jina la hiyo Wi-Fi.

Modemu ikifika, usitie laini. Piga picha ukurasa wa Ethernet ukiwa na swichi imewashwa, namba ya Ethernet ionekane, itupie hapa tuione kwanza.