Maji ya samaki kwenye siti, na dawa ya enzaimu

SWALI: Asalam aleykum. Mimi naendesha Probox, Malindi–Gongoni. Juzi abiria kapakia ndoo ya changu siti ya nyuma, tulivyopiga tuta maji yote yakamwagika. Nimeosha kwa omo na maji ya moto mara mbili lakini ikifika saa saba jua kali abiria wanashusha vioo wenyewe. Kijana wa kaoshi kaniambia nitafute dawa yenye enzaimu, mke wangu hataki, anasema hao ni wadudu watakula siti, na mtoto wetu ana pumu. Nifanyeje?
Dereva, Malindi

JIBU: Waaleykum salam kaka. Hayo maji ya moto ndo yamekuponza. Maji ya samaki yana protini, ukiyapiga moto inaganda kama ute wa yai kwenye kikaango, yani umeipikia ndani ya siti.

Enzaimu si wadudu, ni kemikali tu isiyo na uhai, shemeji mtoe wasiwasi. Yeye si hupaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ilainike? Basi ile kazi ni ya enzaimu, na ya kwenye chupa ni ndugu yake, inakatakata protini ya samaki, damu, maziwa, matapishi. Grisi ya injini usiitegemee. Siti ya polyesta haili, ila ngozi, sufu na hariri zenyewe ni protini, huko usiguse.

Suuza omo yote itoke, tumia maji ya vuguvugu, na dawa imwage mpaka sponji ya ndani ilowe maana maji ya samaki hayakubaki juu, halafu funika na nailoni gari likiwa kivulini, maana dawa ikikauka inaacha kufanya kazi. Acha muda ulioandikwa kwenye chupa. Jiki usichanganye kabisa, inaivunja.

Kwa pumu hapo mke wako ana haki. Miaka ya 1960 huko Uingereza wafanyakazi wa viwanda vya sabuni walivuta vumbi la enzaimu wakapata pumu, ndo baadae unga ukaanza kutengenezwa chenga zilizofunikwa usipeperuke. Kwahiyo chukua ya maji, paka kwa sponji badala ya kupuliza, milango wazi, glavu mkononi, ukimaliza futa kwa maji safi na mtoto asipande mpaka siti ikauke kabisa.

Ukirudia mara ya pili na bado inanuka, inua kapeti, yawezekana mengine yalituama huko chini.