Uchungu umeanza wiki ya 26: apasuliwe au ajifungue kawaida?

Pole sana mkuu. Kwa wanaoingia sasa: shemeji yake ana mimba ya wiki 26, uchungu umeshika, mtoto katanguliza kichwa. Daktari anataka ajifungue kwa njia ya kawaida, ndugu wanadai kisu, eti mtoto mdogo hivyo atabanwa njiani.

Mimi ni mkunga, nimekaa sana wodi ya njiti, na niko upande wa daktari. Kichwa kikitangulia, hakuna ushahidi imara kwamba upasuaji unamwongezea njiti uhai. Mama akivuja damu, au mapigo ya mtoto yakishuka, hayo ni mengine.

Ugumu uko kwa aliyetanguliza makalio au miguu. Njiti ana kichwa kikubwa kuliko nyonga. Kiwiliwili kinateleza kwenye mlango wa kizazi ambao haujafunguka wote, kichwa kinanasa. Nimewahi kumshika mmoja hivyo, mwili wote uko nje umelala kiganjani, kitovu kinapiga taratibu chini ya vidole vyangu, daktari anahangaika na kichwa. Kwa hawa, tafiti nyingi zinaonyesha waliopasuliwa walinusurika zaidi. Ila zisomeni kwa jicho kali, maana kundi la waliozaliwa kawaida lina waliotoka kwa kasi kabla ya msaada wowote, na wengine walishakatiwa tamaa. Ndiyo maana WHO mwaka 2015 walisema upasuaji usiwe wa mazoea kwa sababu ya unjiti tu, atangulize kichwa au makalio.

Na mama naye jamani! Wiki ya 26 sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi bado haijatanuka vizuri, hivyo mara nyingine daktari analazimika kuchana wima, juu. Kovu hilo linaweza kuachia mimba ijayo, na huyo hatakiwi tena kusubiri uchungu.

Badala ya kugombania kisu, ulizeni kama ameanza sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Deksamethasoni ni miligramu 6 kila saa 12, mara 4. Ulizeni pia dripu ya magnesiamu, inalinda ubongo. Kisha ulizeni hapo pana mashine ya kusaidia kupumua na wodi ya njiti. Kama hakuna na hali inaruhusu, ahamishwe mtoto akiwa bado tumboni, siyo baadaye kwenye gari na baridi. Akizaliwa anaingizwa kwenye mfuko safi wa plastiki bila kukaushwa, kofia kichwani, kwa sababu joto linamtoka haraka mno. Siku 3 za kwanza ndizo za kuogopa damu kuvujia ubongoni, basi asiguswe-guswe na kila shangazi anayekuja kumwona.

Ikibidi apasuliwe, asitoke hospitali kabla daktari hajaandika kwenye kadi yake mfuko wa uzazi ulichanwa wima au mlalo. Kovu la nje ya tumbo halionyeshi hilo.