Shangazi, niongeze dozi ya sindano?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 32, naishi Nkuhungu, Dodoma. Mwaka wa pili wa ndoa huu, mtoto hakuna, na mama yangu kila siku anamsema mke wangu. Nimepima kwa siri, majibu yanasema manii yangu hayana mbegu hata moja. Nashangaa, maana nguvu za kiume ninazo, na tangu mwaka jana nachomwa sindano za testosteroni jimu ili nijenge mwili. Si ndiyo homoni ya kiume? Niongeze dozi?*

Marahaba mwanangu. Usiongeze hata tone. Sindano hizo ndizo ninazozishuku kwanza.

Korodani hazijiamulii kutengeneza mbegu, amri hutoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni humo humo ndani yake. FSH huziamsha seli zinazolea mbegu changa. Mbegu hazikomai bila testosteroni ya ndani ya korodani, ambayo kwa kawaida ni nyingi kuliko ya kwenye damu mara nyingi sana. Ukichomwa ya dukani, ubongo unaona damu imejaa na unaacha kutoa amri. LH na FSH zinashuka, ile ya ndani inakauka. Misuli inatuna, hamu unayo, mbegu hakuna. Shirika la Afya Duniani liliwahi hata kuzijaribu sindano za testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume!

Nenda hospitali ya Benjamin Mkapa au General, ile ya mkoa, na usimfiche daktari jina la dawa. Atakusimamia ukiacha, maana hamu na furaha vinaweza kushuka kwa muda. Damu ipimwe FSH, LH na testosteroni. FSH ikiwa juu, huenda tatizo liko kwenye korodani zenyewe, na hapo matibabu ni mengine. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo usikimbilie kupima tena baada ya wiki mbili. Wengi hurudi sawa baada ya miezi kadhaa, wengine mwaka au zaidi.

Mkeo mwambie leo, naye apimwe, lakini amebeba lawama isiyo yake muda mrefu mno na hilo limeniuma. Mama si lazima ajue habari za sindano. Mwambie wewe mwenyewe, mkeo akisikia, kwamba anayetibiwa ni wewe na maneno yaishe.