Anayedai asimame nje

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni fundisho gani la dini nyingine tungependa lifuatwe mtaani kwetu. Langu ni adabu ya kudai deni, kama Wayahudi wanavyoisoma katika Ki Tetze, sehemu ya Torati inayosomwa kwenye masinagogi kila mwaka kati ya Agosti na Septemba. Kwa hesabu ya mapokeo yao, ina amri 74 kati ya amri 613 za Torati nzima. Sisi Wakristo tunayo maneno hayo hayo, Kumbukumbu la Torati 24, ila huwa tunayapita mbio.

Ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Simama nje, akuletee mwenyewe. Yaani mtu anayedai haki yake kabisa anaambiwa mwisho wake ni kizingiti. Kule ndani ni kwa mwenye nyumba, hata kama hana senti, na yeye ndiye atakayeamua kitoke kitu gani.

Wanazuoni wao hawakuishia hapo. Mishna, mkusanyo wa sheria zao za mapokeo uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inasema rehani haichukuliwi ila kwa mahakama. Mto wa kulalia urudishwe usiku, plau irudishwe mchana. Mjane haguswi, awe maskini awe tajiri. Talmudi, kitabu cha mijadala ya wanazuoni juu ya Mishna, nayo inaongeza jambo lililonikaa moyoni kuliko yote: ukijua uliyemkopesha hana, usipite hata mbele yake. Kujipitisha tu, bila kusema neno, tayari ni kumtesa.

Huku kwetu kuna mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu. Nimeona wakusanya madeni wakiingia hadi chumbani kwa jirani yangu, fundi nguo, wakatoa godoro, mtungi wa gesi na cherehani. Watoto wake wamesimama uani wanatazama. Na cherehani hiyo ndiyo ingelipa deni!

Wapo watakaosema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na sheria hii ya rehani haipunguzi deni hata senti. Hillel, mwalimu wao mkubwa, alipoona watu wanaogopa kukopesha kwa kuwa kwa sheria ya Torati kila mwaka wa saba madeni yalifutwa, aliweka utaratibu wa hati ya mahakama ili mkopeshaji asipoteze chake.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wetu wa mitaa, wanapoitwa kushuhudia vitu vikitolewa, waulize kwanza amri ya mahakama iko wapi, na mlangoni wasimame wao.

Msomaji wenu, Morogoro