Usikubali kuwekewa Windows mpya kabla hujatoa faili zako

Ndugu yangu, ikiwa laptopu hiyo bado haijatoka nyumbani, usiipeleke. Umeandika kwamba ukiiwasha inasema inajirekebisha, kisha inazima na kurudia yale yale, na kwamba fundi amekwambia Windows imekufa na kesho ataweka mpya. Maneno hayo hayo niliambiwa kwenye kibanda kimoja karibu na Barabara ya Digo, Mombasa, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Fundi yule aliniuliza swali moja tu: kuna kitu muhimu kwenye draivu C, yaani sehemu ya diski inamokaa Windows? Nilimjibu kwa kujiamini kwamba mali yangu yote iko D, kwa kuwa huko ndiko nilikoweka filamu. Kumbe kila kilichokuwa kwenye skrini ya mwanzo, pamoja na folda ya Documents, hukaa ndani ya C, na mtu aliyezeekea kazi hiyo hawezi kudai kwamba halijui hilo. C ilipofutwa ili kuwekwa Windows mpya, zilipotea picha za harusi ya dada yangu, zikapotea na hesabu za chama za miaka 4, ambazo mimi mweka hazina sikuwa nimeziandika pengine popote. Nilipowaeleza kina mama wa chama kwamba hesabu zimeliwa na kompyuta, walinyamaza kwa muda mrefu. Nashukuru hakuna aliyeuliza ilikula na nani. Programu za kufufua faili hazikufua dafu, kwa sababu diski ilikuwa SSD, ambayo haiachi mabaki ya kilichofutwa kama diski za zamani zinazozunguka.

Na Windows yenyewe haikuwa na kosa! Baada ya siku 9 laptopu ilirudia ugonjwa wake, na fundi mwingine wa Mwembe Tayari akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta, akayasugua meno yake kwa raba ya penseli, akairudisha, ikawaka. Nyumba yetu inatazama bahari, na hewa ya chumvi haichagui chuma. Yule wa kwanza alinitoza pesa za kumzika mgonjwa wa mafua.

Toa faili kwanza. Tengeneza flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye kompyuta ya rafiki, iwashe laptopu kwa flashi hiyo ukichagua kuijaribu bila kuisakinisha, kisha unakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ikigoma hata hapo, fundi aichomoe diski na kuiweka kwenye kasha la USB mbele ya macho yako. Ukidaiwa ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski, wenye tarakimu 48, utafute kwa simu kwenye akaunti yako ya Microsoft. Faili zikishafika kwenye kompyuta nyingine, fungua kadhaa uzione kwa macho, usiridhike na majina tu, ndipo umkabidhi fundi laptopu yako, na hata hapo mwambie aanze na RAM.