Umepata Nafasi ya Kusoma Urumqi? Usiikatae kwa Sababu ya Umbali

Binti mmoja wa Tanga ameniandikia kwamba amepata nafasi ya kusomea udaktari Urumqi, makao makuu ya jimbo la Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, na mjomba wake anamtaka aikatae mpaka ipatikane nafasi ya Guangzhou, mji mkubwa wa kusini karibu na bahari, kwa kuwa huko anakopelekwa ni mwisho wa dunia. Mimi nimesoma Urumqi hadi nikahitimu, na maneno hayo niliyasikia sana kutoka kwa Watanzania wenzangu waliokuwa katika miji ya pwani, ambao walithubutu kuniuliza mbele za watu kama huko nako kuna chuo. Bado yananiuma, mdogo wangu, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Umbali upo, sikatai. Hakuna mji mkubwa duniani ulio mbali na bahari kuliko Urumqi, kwa maana pwani iliyo karibu nao iko kiasi cha kilomita 2,500. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 4, na tangu Desemba 2014 mji umeunganishwa na Lanzhou, mji mwingine mkubwa ulio mashariki yake, kwa treni ya mwendokasi. Siku ya anga safi utaiona theluji ya mlima Bogda, wenye mita 5,445, ukiwa umesimama barabarani.

Kitakachokusumbua ni saa. China yote inafuata saa moja, ile ya Beijing, ilhali wenyeji wengi wa Xinjiang, hasa Wauyghur, yaani Waislamu wenye asili ya huko, wana saa yao iliyo nyuma kwa saa mbili. Kwa hiyo ukipewa miadi, uliza kwanza ni kwa saa ipi. Sisi tuliozoea kuona jua likichomoza saa kumi na mbili, mwezi wa Desemba tunajikuta tunakwenda darasani gizani, na hadi saa tatu na nusu asubuhi jua bado halijatoka. Wengi huanza kukosa vipindi hapo, kisha wakailaumu baridi. Amka kwa kufuata ratiba, usisubiri mwanga, na adhuhuri utoke nje upate jua hata kama hamu huna. Nyumbani wako nyuma yenu kwa saa tano, basi piga simu jioni, umalize, ulale.

Baridi yenyewe hushuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, lakini majengo hupashwa joto kuanzia Oktoba hadi Aprili. Koti zito linunue kulekule, usihangaike nalo Kariakoo.

Chakula ndicho kilichonifanya niupende mji. Katika mitaa ya Erdaoqiao, karibu na soko kuu, nilikuwa nikisimama kumtazama mwokaji akiugonga unga katikati kwa muhuri wa miiba, akiupaka maji kwa nyuma, kisha akiinama hadi mabega yazame ndani ya tanuri na kuubandika mkate ukutani, kama ufanyavyo mofa wetu. Pilau yao ina nyama ya kondoo na karoti zilizokatwa vijiti vyembamba, haina karafuu wala mdalasini, na bado inamtuliza mtu wa pwani. Wenzangu waliojifungia bwenini wakila tambi za pakiti miaka yote walirudi nyumbani wakisema mji ni mbaya. Hawakuuona. Jilazimishe kutoka, nasisitiza, jilazimishe.

Jambo hili nalo lisome mara mbili. Tangu ghasia za Julai 2009, na zaidi kuanzia 2017, ulinzi huko ni mkali mno: ukaguzi uko kila mahali, pasipoti unatembea nayo kila wakati, na vituo vya polisi havipigwi picha. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2022 ilieleza ukiukaji mzito wa haki za Wauyghur, na serikali ya China imeikataa. Isome kabla hujasafiri, maana haifai kuishi na watu huku umefumba macho. Ukifika, usimwulize rafiki yako Mwuyghur habari za siasa au za ndugu zake waliotoweka, wala usimtumie ujumbe wa aina hiyo, kwa sababu wewe utapanda ndege urudi kwenu na yeye atabaki kuulizwa.

Kabla ya kumlipa wakala hata senti, peleka jina la chuo na la programu TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wakuthibitishie kwamba shahada hiyo itatambuliwa. Kichina kianze mwezi wa kwanza, hata kama umeahidiwa masomo ya Kiingereza, kwani mgonjwa wodini hatakueleza maumivu yake kwa Kiingereza. Mimi nilikisoma hadi wauguzi wakawa wananiita niwatafsirie wageni. Waliokuwa wakinicheka, baadhi yao, sasa wananiomba niwape wadogo zao maelekezo ya kwenda hukohuko, nami nawapa yote.

Mwambie mjomba, kwa heshima, kwamba unakwenda.